Tunahesabu Mimea, Hatuhesabu Wachumba Wake

Anayepanda mipapai kwa mbegu huweka miche mitatu au minne kwenye shimo moja, kisha husubiri. Miezi inapita, miche inarefuka, na hakuna jicho linaloweza kuitofautisha. Mpaka maua ya kwanza yachomoze ndipo mambo hujulikana: huu ni jike, ule una maua ya jinsia mbili. Mkulima huacha mmoja anaoutaka, iliyobaki huing'oa. Mara nyingi anaoutaka ni ule wa jinsia mbili, kwa sababu hujichavusha wenyewe na haumlazimishi kutunza madume yasiyozaa.

Mbegu za mpapai huo zina uwiano wa kushangaza kidogo. Kwa kanuni za urithi za Mendel tungetarajia robo tatu ya jinsia mbili na robo moja majike. Shambani hutoka theluthi mbili kwa theluthi moja. Robo nzima ya watoto imepotea kabla ya kuota. Mpapai jike una kromosomu mbili za X. Dume lina X na Y. Wa jinsia mbili una X na aina ya pekee ya Y ambayo watafiti huiandika Yh. Mbegu yoyote inayorithi Y mbili, ziwe za aina gani, hufa ikiwa bado kiinitete kichanga. Ndiyo maana huwezi kupata mbegu itakayotoa mipapai ya jinsia mbili mitupu, hata uchague mama kwa uangalifu wa namna gani. Na ndiyo maana ya miche mitatu: mche mmoja una uwezekano wa moja kwa tatu wa kuwa jike, lakini mitatu yote kuwa majike ni shimo moja katika 27.

Mwaka 2015, waliosoma DNA ya kromosomu hizo herufi kwa herufi waliona kwamba Yh inakaribia kufanana kabisa na Y ya mipapai dume ya mwituni, na kwamba zilitengana takriban miaka 4,000 iliyopita. Miaka 4,000 ni kipimo cha wakulima. Inaelekea kwamba huko Mesoamerika, yaani Meksiko na Amerika ya Kati, mtu aliona mpapai unaozaa bila kuwa na dume karibu, akaweka mbegu zake, na wajukuu wake wakafanya vivyo hivyo. Watu hao hawakuchagua utamu wa tunda peke yake. Walibadilisha namna mmea mzima unavyozaana.

Hilo ndilo ninalotaka kulisimamia. Tunapozungumzia mbegu, tunazungumzia mavuno, ukame, magonjwa na rangi ya punje. Namna mmea unavyopata mwenzi, au unavyofanya bila mwenzi, tunaichukulia kama kitu kilichopo tu, kama vile jua kuchomoza. Kumbe nayo ni sifa inayorithiwa, ina jeni zake, inabadilika, na ndiyo inayoamua ni tofauti gani zitakazobaki ndani ya spishi vizazi mia vijavyo ili hizo sifa nyingine zote zipate pa kuchagulia. Tumeisukuma upande mmoja kwa maelfu ya miaka, na kumbukumbu tulizoweka juu ya kazi hiyo ni chache mno.

Upande huo ni wa kujitosheleza. Mzabibu wa mwituni una madume na majike. Mzabibu wa shambani una maua ya jinsia mbili. Nyanya inaonyesha jambo hilohilo kwa udogo zaidi. Chuma ua la nyanya, vuta petali zake za njano nyuma, utaona vifuko vya chavua vimeshikana kuwa pia ndogo. Pasua pia hiyo kwa ukucha. Ndani yake, imefichwa kabisa, ndipo ilipo stigma, ile ncha ya sehemu ya kike inayopokea chavua. Upepo ukitikisa ua, chavua humwagika ndani kwa ndani. Sasa linganisha na nyanya pori wengi wa ukoo huo: shingo ya ua ni ndefu, stigma imechomoza nje ya pia, inangoja nyuki aje na chavua ya mbali. Mwaka 2007 watafiti walilitambua jeni linalohusika zaidi na tofauti hiyo, Style2.1. Sehemu iliyobadilika ni ile inayoamuru jeni lifanye kazi kiasi gani, na kwa badiliko hilo shingo ikafupika. Mkulima wa kale aliyependa mmea unaozaa kila mwaka, nyuki awepo asiwepo, alikuwa akipima urefu wa shingo ya ua bila kujua.

Alikuwa na haki ya kuupenda. Kujichavusha kuna faida kubwa, na yeyote anayeandika juu ya mada hii bila kuikiri faida hiyo anampotosha msomaji. Ronald Fisher, mwanatakwimu na mtaalamu wa urithi, aliiweka kwenye hesabu mwaka 1941. Chukua mmea unaochavushana na wenzake. Katika kila mbegu inayokomaa ndani yake, kuna nakala moja ya jeni zake. Nyingine imetoka kwa baba. Na kwa kuwa chavua yake nayo inasafiri, kwa wastani huwa baba wa mbegu moja mahali pengine kwa kila mbegu anayoizaa. Jumla ni nakala mbili. Sasa litokee jeni linaloufanya mmea ujichavushe, huku chavua iliyobaki ikiendelea kusafiri kama kawaida. Kila mbegu yake sasa ina nakala mbili, zote zake, na nje bado anapata ile moja. Tatu kwa mbili. Jeni lenye faida ya namna hiyo lingepaswa kuenea kila mahali, na leo tusingekuwa na ua hata moja linalomwita nyuki.

Kinachozuia ni afya ya watoto. Charles Darwin aliifukuzia habari hii kwa subira ambayo kila nikiisoma hunipa heshima mpya kwake. Alikuwa amepanda vitalu viwili vya Linaria vulgaris, ua la njano la Ulaya, kwa sababu nyingine kabisa, kimoja cha mbegu za kujichavusha na kingine cha mbegu za kuchavushana, akaona wale wa pili ni warefu na wenye nguvu zaidi. Akaingia kwenye majaribio yaliyomchukua miaka 11 na spishi 57. Katika Ipomoea purpurea, ua linalotambaa la jamii ya kiazi kitamu, alikwenda vizazi kumi mfululizo: kwa wastani, mimea ya kuchavushana ikiwa na urefu wa 100, ile ya kujichavusha ilifika 77. Darwin mwenyewe alikuwa amemwoa binamu yake na aliwahangaikia watoto wao, kwa hiyo swali hili halikuwa la maua matupu kwake.

Sababu yake leo tunaijua vizuri. Kila mmea umebeba jeni kadhaa zenye kasoro ambazo hazidhuru mradi nakala ya pili ni nzima. Kujichavusha huzikutanisha nakala mbili mbovu katika mtoto mmoja. Ukichanganya hesabu ya Fisher na madhara haya, unapata mpaka unaokumbukika: watoto wa kujichavusha wakifanikiwa zaidi ya nusu ya wale wa kuchavushana, jeni la kujichavusha linaenea, chini ya nusu, linatokomea. Tena madhara hayo yenyewe hayabaki vilevile. Vizazi vya kujichavusha huanika zile jeni mbovu, zenye kudhuru sana hufa pamoja na wabebaji wake, na waliobaki hawadhuriki sana kama mwanzo. Katika kizazi cha sita cha Ipomoea, Darwin alikuta mmea mmoja wa kujichavusha uliomshinda mwenzake wa kuchavushana. Aliuita Hero, na watoto wake nao walikuwa na nguvu. Mkondo ukishaanza kuelekea upande huo, hujiongezea kasi wenyewe.

Mimea haikuachia mambo haya yajiendee. Kwa makadirio ya watafiti, karibu nusu ya spishi zinazochanua zina namna ya kuikataa chavua yao wenyewe. Mimi huziita mimea inayojikataa, na nitakaa hapa kidogo, kwa sababu sijui jambo lingine katika biolojia ya mimea lenye ufundi wa kiasi hiki.

Chukua tumbaku ya mapambo, Nicotiana alata. Weka chembe ya chavua yake juu ya stigma ya mmea uleule, kisha fuatilia kwa hadubini. Mwanzoni huoni tatizo. Chembe inalowana, inachipua mrija mwembamba, mrija unapenya na kuanza kuteremka ndani ya shingo ya ua kuelekea kwenye ovari. Halafu unapungua mwendo. Kuta zake zinanenepa, ncha inavimba, na kabla ya kufika chini unasimama. Chembe ya mmea mwingine, iliyowekwa pembeni yake, inapita bila kizuizi na kufikisha mbegu zake za kiume.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kundi la watafiti nchini Australia lilionyesha kwamba shingo ya ua hutengeneza kimeng'enya kinachokatakata RNA, yaani nakala za maagizo ya jeni ndani ya seli, na kwamba matoleo yake hutofautiana kutoka mmea hadi mmea wa spishi hiyohiyo. Ni sumu, kwa maneno mengine, na inaingia katika kila mrija, wa nyumbani na wa mgeni. Swali likawa: mgeni anaponaje? Jibu lilichukua miaka mingine ishirini. Chavua hubeba mkoba wa protini nyingi, kila moja ikiweza kuzima matoleo kadhaa ya sumu hiyo. Mkoba wa kila chavua una dawa ya sumu za wengine, isipokuwa sumu ya kwao. Kwa hiyo mrija unaouawa ni ule uliozaliwa katika nyumba hiyohiyo. Jeni la sumu na jeni za dawa zimekaa bega kwa bega kwenye kromosomu, na hurithiwa pamoja kama kifungu kimoja kinachoitwa lokasi ya S.

Ukoo wa kabichi ulifika mahali hapohapo kwa njia nyingine kabisa: kwenye uso wa stigma kuna protini ya kupokea, na kwenye ganda la chavua kuna protini ndogo; zikioana kama kufuli na ufunguo wa nyumba moja, chavua hunyimwa maji na kukataliwa mlangoni. Mpopi nao una njia yake, ya kuuamuru mrija ujiue. Koo zilizoachana zamani sana zimegundua jambo moja mara kadhaa, kila moja kwa zana zake. Sijui ushahidi mwingine ulio wazi zaidi kwamba kuchavushana na wengine kulikuwa na thamani kubwa.

Sasa fikiria maana ya hesabu katika mfumo wa tumbaku. Kila mmea una aleli mbili za S, yaani matoleo mawili ya lokasi hiyo, tuseme S1 na S2, na hukataa chavua yenye mojawapo. Mfumo hauwezi kwenda bila aleli tatu, kwa sababu mmea wa S1 na S2 unahitaji S3 itoke mahali fulani. Jamii yenye aleli tatu tu, zikigawana sawa, kila mmea hukubali chembe moja kati ya tatu zinazoletwa na wadudu. Theluthi mbili za chavua ni kazi bure. Katika milima ya Organ, jimbo la New Mexico nchini Marekani, Sterling Emerson alichunguza ua linaloitwa Oenothera organensis katika miaka ya 1930. Jamii nzima ilikuwa ya mimea mia kadhaa, na alihesabu humo aleli 45. Humo mmea hukubali aina 43 kati ya 45. Karibu kila mdudu anayetua analeta kitu kinachofaa.

Sewall Wright, mtaalamu wa jeni wa Marekani, alieleza mwaka 1939 kwa nini aleli nyingi namna hiyo hudumu. Aleli iliyo adimu hukataliwa mahali pachache, kwa hiyo chavua yake hufanikiwa mara nyingi na yenyewe huongezeka. Ikishakuwa ya kawaida hukutana na wenyewe kila ua la pili, na hupungua. Uteuzi asilia hapa unalinda wachache kwa sababu ni wachache. Matokeo yake yanavuka mipaka ya spishi: mwaka 1990 walipolinganisha aleli za S za tumbaku, petunia na jamaa wa kiazi, walikuta baadhi ya aleli za tumbaku zinakaribiana na zile za petunia kuliko zinavyokaribiana na aleli nyingine za tumbaku wenyewe. Tofauti hizo ni za zamani kuliko spishi zinazozibeba. Zimerithiwa bila kukatika kwa zaidi ya miaka milioni 20.

Kitu kilichotunzwa kwa muda huo huweza kuvunjika kwa siku moja. Arabidopsis thaliana, ule mmea mdogo wa maabara ambao karibu kila jaribio la jeni za mimea limepitia kwake, hujichavusha. Jamaa yake wa karibu, Arabidopsis lyrata, hujikataa. Mwaka 2010 watafiti waliona kwamba katika mimea mingi ya Ulaya ya spishi ya kwanza, jeni la ufunguo wa chavua lina kipande cha herufi 213 za DNA kilichogeuzwa kichwa chini. Walipokigeuza kikakaa sawa na kukirudisha katika mmea ambao kufuli yake ilikuwa bado nzima, mmea ukaanza kujikataa tena. Herufi 213.

Kuna watakaosema kwamba habari hii inavunja hofu yangu: kama maabara inaweza kurudisha, tatizo liko wapi? Liko kwenye kila kitu kilichotokea baada ya kuvunjika. Mmea uliokwisha kujichavusha muda mrefu hupunguza petali, hupunguza harufu na asali, hutengeneza chavua kidogo. Ukiurudishia kujikataa peke yake, umeufungia mlango bila kuupa nyuki wala wachumba wa aleli tofauti. Kuna aleli moja tu ya kurudisha, na moja haitoshi. Kupoteza kunahitaji jeni lolote moja liharibike, upande wa kike au wa kiume. Kurudi, kwa njia ya asili, kunahitaji kufuli na ufunguo vitengenezwe kwa pamoja, katika matoleo kadhaa, wakati ambapo hakuna faida mpaka vyote viwepo. Katika ukoo wa nyanya, tumbaku na viazi, mpito wa kutoka kujikataa kwenda kujikubali umetokea mara nyingi sana. Ushahidi wa kurudi haujaonekana.

Na wanaokwenda hawadumu. Ledyard Stebbins, mtaalamu wa mageuko ya mimea, aliandika mwaka 1957 kwamba kujichavusha ni njia isiyo na mwisho mwema katika mageuko. Kwa miongo kadhaa kauli hiyo ilirudiwa bila kipimo kizuri. Mwaka 2010 Emma Goldberg na wenzake walilipima katika ukoo huohuo wa nyanya wakitumia mti wa nasaba wa mamia ya spishi. Walichokuta ni cha kutafakari: koo zinazojikubali huzaa spishi mpya kwa kasi kubwa zaidi, lakini hutoweka kwa kasi iliyo kubwa kuliko hiyo. Zinazojikataa huzaa polepole na hubaki. Faida inaonekana katika kizazi kimoja na hasara inaonekana katika mamilioni ya miaka, kwa hiyo hakuna mmea, wala mkulima, wala bajeti ya utafiti, itakayoiona hasara hiyo ikitokea.

Sisemi turudi nyuma. Kazi inayofanyika sasa kwenye viazi naiunga mkono kwa moyo wote. Kiazi cha kawaida kina seti nne za kromosomu na hupandwa kwa kiazi kingine, jambo linalobeba magonjwa kutoka msimu hadi msimu na kumfanya mtafiti achukue miaka mingi kuondoa kasoro moja. Wenye seti mbili tu za kromosomu wangeweza kuzalishwa kama mahindi, kwa mistari iliyojichavusha vizazi kadhaa na kisha kuchanganywa kupata chotara. Kizuizi kilikuwa kwamba hujikataa. Jeni la kukivuka, Sli, lilielezwa mwaka 1998 kutoka kwa jamaa wa mwituni, Solanum chacoense, na mwaka 2021 likatambuliwa lenyewe. Ni protini ya jamii moja na zile za mkoba wa dawa, ingawa jeni lake liko nje ya lokasi ya S, iliyowashwa ndani ya chavua ikiwa na uwezo wa kuzima sumu nyingi, pamoja na ya kwao. Uzuri wa ufumbuzi huo unatoka moja kwa moja kwenye biolojia niliyoieleza hapo juu. Lakini tazama ulikotoka: kwenye mmea wa mwituni ambao mtu alihifadhi mbegu zake kabla ya kujua zina nini.

Tukicheza na mifumo ya kuzaana kwa haraka bila kuielewa, tunajua kinachoweza kutokea, kwa sababu kilishatokea. Mitokondria, vile viungo vidogo ndani ya seli vinavyozalisha nishati, vina DNA yao, na katika mimea mingi hurithiwa kwa mama peke yake. Jeni lililomo humo halipati kitu chochote kutokana na chavua. Likiua chavua na kuelekeza nguvu kwenye mbegu, limefaidika. Jeni za kwenye kiini, zinazorithiwa kwa pande zote mbili, hupata hasara na hujibu kwa jeni za kurejesha uzazi wa kiume. Katika mmea wa thaimu, Thymus vulgaris, mvutano huu unaonekana kwa macho: baadhi ya mimea ni majike matupu, mingine ina jinsia mbili, na uwiano hubadilika kilima hadi kilima kutegemea nani ameshinda kwa sasa.

Wazalishaji wa mahindi wa Marekani waliuona utasa huo wa kiume kama zawadi. Ili kupata mbegu chotara walikuwa wakiajiri watu wengi kung'oa mbelewele shambani kwa mikono. Mmea usiotoa chavua ungewaondolea gharama. Wakachukua aina moja ya saitoplazimu, ile sehemu ya seli iliyo nje ya kiini na yenye mitokondria, iliyopatikana Texas na kuieneza, hadi kufikia mwaka 1970 takriban asilimia 85 ya mahindi ya nchi ile yaliibeba. Jeni la mitokondria lililoua chavua lilikuwa linatengeneza protini inayokaa kwenye utando wa mitokondria. Kuvu wa ugonjwa wa majani, Bipolaris maydis, akawa na aina inayotoa sumu inayoshikana na protini hiyohiyo na kuufanya utando uvuje. Kilichofanya mahindi yawe tasa upande wa kiume ndicho kilichoyaua. Katika msimu huo mmoja karibu asilimia 15 ya mahindi ya nchi ilipotea. Wakati ule kulikuwa na aina nyingi za mahindi sokoni, zenye majina tofauti na mifuko tofauti. Kwa upande wa baba zilitofautiana. Kwa upande wa mama zilikuwa kitu kimoja, na hakuna aliyekuwa akihesabu upande huo.

Kosa hilohilo la kuhesabu huonekana katika uhifadhi. Kikundi cha mwisho cha ua moja la njano la ukoo wa alizeti lililobaki katika jimbo la Illinois, Marekani, kilikuwa hai, kikichanua kila mwaka na kutembelewa na wadudu, lakini hakikutoa mbegu. Marcella DeMauro alipochunguza, alikuta mimea yote iko kundi moja la S. Kila ua lilikuwa likipokea chavua ya nyumbani na kuikataa, mwaka baada ya mwaka. Kwa daftari la uhifadhi, mimea ilikuwepo. Kwa biolojia, spishi ilikuwa imekwisha kutoweka hapo, mpaka ilipoletwa mimea ya jimbo la Ohio na mbegu zikapatikana.

Na kuna Encephalartos woodii, mmea wa jamii ya sikadi, ambayo madume na majike huwa mimea tofauti. Mwaka 1895 John Medley Wood alikuta kichaka kimoja cha mmea huu kwenye msitu wa Ngoye, Afrika Kusini, mashina manne ya mmea mmoja. Ni dume. Mashina yaligawanywa na machipukizi yake yapo leo katika bustani nyingi duniani, likiwemo moja lililopelekwa bustani ya mimea ya Kew, London, mwaka 1899. Yote ni mmea uleule, yote ni dume, yana afya, yanaweza kuishi karne nyingi. Watafiti wamerusha hata droni juu ya msitu wa Ngoye wakitafuta jike. Halijapatikana. Ukiangalia idadi ya mashina, spishi hii imeongezeka sana tangu 1895.

Ninachokiogopa zaidi hakina mvuto wa hadithi hiyo. Ni kazi ya kawaida ya benki za mbegu. Mbegu za spishi inayojikataa zikianza kuzeeka kwenye baridi, hupandwa kiasi kidogo shambani, zikachavushana, na mbegu mpya zikarudishwa kwenye pakiti. Kila mzunguko wa mimea michache hupoteza aleli kadhaa za S. Zile adimu, ambazo ndizo zenye thamani kubwa kwa wachumba, ndizo za kwanza kupotea. Anayeifanya kazi hiyo huona mavuno ya mbegu yamepungua kidogo na hulaumu mvua. Wakati mwingine mmea mmoja wenye lokasi iliyovunjika huzaa vizuri kuliko wote, mbegu zake zikajaza pakiti, na mkusanyo uliokuwa wa mimea inayojikataa ukawa wa inayojikubali bila mtu yeyote kuandika. Namba ya usajili haibadiliki.

Kulizuia hili hakuhitaji maabara kubwa. Kabla ya kuzidisha mbegu za mkusanyo wa aina hiyo, chukua mimea minane. Funika maua kwa vifuko vya karatasi kabla hayajafunguka, yajichavushe machache ili ujue kama yanajikataa kweli, kisha chavusha jozi zote 28 kwa brashi na uhesabu mbegu za kila jozi. Jozi nyingi zikirudi tupu, aleli zimekwisha kuwa chache, na mimea ya pakiti nyingine iliyokusanywa karibu na hapo ipandwe pamoja kabla ya mzunguko unaofuata. Kwenye rejesta ya kila mkusanyo, karibu na jina la mahali na tarehe, pawepo safu tatu: unajikataa au unajikubali, mbegu zilitoka kwa mama wangapi, na jozi ngapi zilikubaliana mara ya mwisho zilipojaribiwa.